Kuchakaa kwa marumaru

Marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhini hadi likawa fuwele zilizoshikana. Ung'avu na ugumu wake huwafanya watu waione kuwa ya milele, lakini ndani yake ni kalsiamu kabonati, ambayo huliwa na asidi yoyote, hata ile hafifu iliyomo katika maji ya mvua safi.

Hewa ya mijini huiumiza zaidi. Gesi ya salfa itokayo kwenye makaa na mafuta yanayochomwa hukutana na unyevu, ikaugeuza uso wa jiwe kuwa jasi, ambayo huyeyuka upesi kuliko marumaru yenyewe. Hapa macho hudanganyika. Upande unaopigwa na mvua hubaki mweupe kwa sababu kila mvua huchukua jasi na kuondoka na ngozi ya jiwe. Upande uliokingwa hufanya gamba jeusi la jasi na masizi. Watazamaji huusikitikia ule mweusi, ilhali mweupe ndio uliopoteza zaidi. Chini ya weusi ule huenda alama za patasi bado zipo, na anayeusugua kwa brashi ya chuma huzifuta kabisa.

Jua nalo lina sehemu yake. Fuwele za marumaru zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa kidogo upande mwingine, hivyo huachana polepole. Jiwe lililofikia hapo ukilipangusa kwa kiganja, chembe hubaki mkononi kama sukari.

Akropolis, kilima cha mahekalu ya kale huko Athens, Ugiriki, imepatwa na karibu yote haya, pamoja na madhara ya ukarabati. Wajenzi wa kale waliunganisha mawe kwa vyuma walivyovimiminia risasi ili visipate kutu. Mapema katika karne ya 20, mhandisi Nikolaos Balanos alitumia vyuma bila kinga hiyo. Vilishika kutu, vikavimba na kuipasua marumaru. Tangu kamati ya uhifadhi ilipoundwa mwaka 1975, vyuma hivyo vimekuwa vikitolewa na nafasi yake kushikwa na titani.

Sanamu tano kati ya sita za wanawake waliobeba paa la baraza la Erechtheion, hekalu mojawapo la Akropolis, zilihamishiwa ndani ya jumba la makumbusho mwaka 1979, nakala zikasimamishwa mahali pake. Ya sita iko London. Baadaye masizi yaliondolewa kwa miale ya leza. Nyuso zimelika, lakini misuko ya nywele iliyoshuka migongoni bado inahesabika.