Sosyete sivili ya Bunia: nani anauliza viongozi, na sheria inasema nini

Hapa Nyakasanza, sawa na katika komini zingine za mji wa Bunia, jina «sosyete sivili» linasikika karibu kila siku. Daraja likivunjika, watu wakitozwa franka kwenye kizuizi cha barabarani, ao kijana akikamatwa usiku na familia isijue alipopelekwa, wakaaji wanauliza: «Sosyete sivili iko wapi?» Lakini ukiuliza sosyete sivili ni nani, majibu yanatofautiana. Wengine wanafikiri ni chama cha upinzani. Wengine wanafikiri ni ofisi ya serikali yenye mshahara. Habari hii inaeleza ni watu gani, kazi yao ilianzaje kwetu Ituri, na sheria inampa mkaaji wa kawaida njia gani za kuuliza wakubwa wake.

Ni nani hasa?

Sosyete sivili ni raia waliojiunga ili kutetea jambo la wote, bila kutafuta kiti cha uongozi. Ndani yake kuko mashirika ya haki za binadamu, vyama vya akina mama, sendika za walimu, vikundi vya vijana, vyama vya wakulima na wachuuzi. Wengi wanajiunga katika kordinasyo ya jimbo, yenye matawi katika teritwari na mitaa.

Shirika lisilotafuta faida, lile tunaloita ASBL, linaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Waziri wa Sheria ndiye analipa utambulisho wa kisheria. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 37, inahakikisha uhuru wa kuunda vyama. Tena inasema serikali inashirikiana na vyama hivyo. Kwa hiyo mtu wa sosyete sivili si adui wa serikali. Si mtumishi wake pia.

Kuko tena harakati za wananchi. Inayojulikana zaidi ni LUCHA, iliyoanzishwa na vijana wa Goma mwaka 2012. Mambo waliyodai kwanza yalikuwa ya kila siku: maji ya kunywa, kazi, barabara. Baadaye walidai uchaguzi ufanyike kwa wakati wake, na wengi wao wakaonja jela.

Kazi iliyozaliwa katika vita

Kwetu Ituri, kazi hii ilikua katika miaka mibaya sana. Kati ya 1999 na 2003 vita viliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 50,000. Mei 2003, wakati jeshi la Uganda lilipotoka Bunia, vikundi vya silaha viligombania mji. Paroase ya Nyakasanza yenyewe ilishambuliwa, na watu waliokimbilia hapo waliuawa, mapadri wawili wakiwa kati yao. Juni mwaka huo askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Wafaransa, walifika katika operesheni Artemis.

Katika siku zile hakukuwa parke wala tribinali yenye kufanya kazi vizuri. Waliobaki kuandika nani aliuawa, wapi na siku gani, walikuwa raia. Mashirika kama Justice Plus ya Bunia yalikusanya habari za mauaji na utesaji. Akina mama wa SOFEPADI, shirika lililoanzishwa mwaka 2000 na Julienne Lusenge, aliyekuwa mwandishi wa habari hapa Bunia, walipokea wanawake waliobakwa na kuwasindikiza kwa daktari na kwa mwanasheria. Kituo chao cha matibabu, Karibuni wa Mama, kiko mjini hapa. Mwaka 2023 Mama Lusenge alikuwa kati ya waliopewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Sehemu ya yale yaliyoandikwa na raia ilisaidia kesi kufika mbali. Thomas Lubanga alipelekwa La Haye Machi 2006. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake, wale tuliowaita kadogo. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Germain Katanga alihukumiwa 2014 kwa mauaji ya Bogoro ya tarehe 24 Februari 2003. Bosco Ntaganda alihukumiwa 2019 na kupewa miaka 30.

Lakini kesi ya Lubanga iliacha funzo ambalo kila kikundi cha hapa kinapaswa kulishika. Wapelelezi wa La Haye walitegemea sana watu wa katikati, wenyeji waliowatafutia mashahidi. Majuji walisema waziwazi kwamba kazi ya upelelezi haikupaswa kuachiwa watu hao. Ushuhuda wa vijana kadhaa walioletwa kama kadogo wa zamani uliwekwa kando, kwa sababu majuji hawakuweza kuutegemea. Kilichosimama imara ni kama ile video iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, ikionyesha Lubanga mbele ya askari, na watoto wakiwa kati yao. Maana yake ni hii: uchungu wa mwathirika ni wa kweli, lakini mbele ya juji unahitaji tarehe, mahali, na mtu aliyeona kwa macho yake.

Sheria inampa mkaaji nini?

Katiba yetu iko na vifungu ambavyo kila kiongozi wa avenyu angeweza kuvibandika mlangoni.

Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoelewa. Ana haki ya kujulisha familia yake ao mwanasheria wake. Hawezi kufungwa kwa polisi zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe ao apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya sheria.

Kifungu cha 26 kinahusu maandamano. Wanaoandaa wanapaswa kujulisha mwenye mamlaka kwa maandishi. Neno lililoandikwa ni «kujulisha». Halisemi «kuomba ruhusa». Hapo ndipo mgogoro unaanza mara nyingi: kikundi kinapeleka barua ya kujulisha, ofisi inajibu kama iliombwa ruhusa.

Kifungu cha 27 wengi hawakijui. Kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kupeleka petisyo kwa mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna mtu anayeweza kushtakiwa kwa sababu alipeleka petisyo.

Juu ya hayo kuko Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Kuko pia sheria namba 23/027 ya tarehe 15 Juni 2023 inayolinda watetezi wa haki za binadamu. Sheria hiyo inawapa ulinzi, na inawawekea wajibu pia.

Kisha ikaja état de siège

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya état de siège. Gavana, meya na wasimamizi wa teritwari wakawa wanajeshi ao polisi. Bunge la jimbo likasimamishwa. Tribinali za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Wakuu wa kijeshi walipewa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, na wa kukataza mikutano ao maandishi wanayoona yanaweza kuvuruga usalama.

Kusudi lililotangazwa lilikuwa kumaliza vikundi vya silaha, na hakuna mkaaji wa Djugu, Irumu ao Mambasa asiyetaka hilo. Lakini angalia kilichotokea upande wa kutoa hesabu. Zamani mbunge wa jimbo angeweza kuita gavana aeleze matumizi ya franka za jimbo. Bunge likiisha kusimamishwa, aliyebaki karibu na mkaaji ni mbunge wa taifa aliye Kinshasa, na sosyete sivili. Yaani siku ambayo uwezo wa wakubwa uliongezeka, wa kuwauliza walipungua.

Na kuuliza kuko na bei. Novemba 2021 vijana wa LUCHA walikamatwa huko Beni kwa sababu ya sit-in ya kupinga kurefushwa kwa état de siège. Aprili 2022 tribinali ya kijeshi iliwapa miezi 12 ya jela. Oktoba 2023, kisha mikutano ya Kinshasa juu ya jambo hili, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba hatua zitalegezwa polepole.

Hata hivyo Katiba haikufungwa katika sanduku. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo haziwezi kuondolewa hata katika état de siège: haki ya kuishi, kutoteswa, haki ya kujitetea mahakamani, uhuru wa mawazo na dini.

Namna ya kutambua kikundi cha kweli

Ituri iko na makabila mengi, na kila jamii iko na mutualité yake. Hiyo si kosa: mutualité inasemea watu wake. Shirika la haki za binadamu, lenyewe, linapimwa kwa kitu kingine: je, linahesabu wafu wa pande zote? Kama tangazo linataja waliouawa katika kijiji kimoja na kunyamaza juu ya kijiji cha ng'ambo, hilo limekwisha kuchagua upande.

Uliza tena mambo matatu. Pesa inatoka wapi, na wanachama wanaonyeshwa hesabu? Kiongozi anachaguliwa ao anakaa miaka yote? Na wakati wa uchaguzi, mwenye kusema kwa jina letu leo, kesho tutamwona kwenye afishi ya chama? Kugombea ni haki yake, lakini aache kwanza kiti cha sosyete sivili. Anayedai hesabu kwa meya anapaswa kuwa tayari kutoa yake.

Ukitaka kuandika petisyo

Chagua jambo moja tu: kizuizi kimoja, kasho moja, taksi moja ya soko. Andika tarehe, mahali na kiasi kilichotozwa. Tafuta ofisi inayohusika kweli. Mambo ya barabara ya taifa hayamalizwi na chefu wa kartie. Piga kopi mbili, na ile inayobaki kwako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Bila muhuri huo, miezi mitatu haina mahali pa kuanzia kuhesabiwa, na ofisi itasema haijaona kitu. Peleka nakala kwa CNDH na kwa kordinasyo ya sosyete sivili.

Usiandike kamwe jina la mwanamke ao mtoto aliyebakwa katika barua itakayopita mikono mingi, wala usilitaje kwenye redio ao katika kundi la WhatsApp. Huyo apelekwe kwanza kwa matibabu, na ikiwezekana kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inategemea muda huo.

Na kama ni ndugu yako amekamatwa, usingoje kordinasyo ifanye mkutano. Andika saa aliyochukuliwa, nani alimchukua na kwa gari gani, kisha uanze kuhesabu zile saa 48.