Mkono Uliotangulia Mashine: Chimbuko la Uuguzi wa Wagonjwa Mahututi

Wodi ya wagonjwa mahututi, yaani sehemu ya hospitali iliyotengwa kwa wagonjwa ambao pumzi na mapigo ya moyo wao hayana budi kuangaliwa usiku na mchana, aghalabu hudhaniwa kuwa zao la mashine, ilhali historia yake mjini Copenhagen, Denmark, inaonyesha kuwa ilianza kwa mikono ya watu.

Mwaka 1952 mlipuko wa polio, ugonjwa unaoweza kupoozesha hata misuli ya kupumulia, uliielemea Hospitali ya Blegdam, iliyokuwa na pafu la chuma moja tu, yaani sanduku linalomfunika mgonjwa hadi shingoni na kukipanua kifua chake kwa kubadili shinikizo la hewa, pamoja na vifaa sita vya kuvalishwa kifuani. Tarehe 27 Agosti, Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alishughulikia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho, ambaye alitobolewa koo, akawekewa mpira, kisha akasukumiwa hewa mapafuni kwa kuminywa mfuko. Msichana huyo aliponusurika kifo, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walishika zamu za kuminya mifuko, huku wauguzi wakifyonza makohozi na kuwageuza wagonjwa, na vifo vya waliopooza pumzi, ambavyo awali vilikaribia tisa katika kila kumi, vikapungua sana.

Kwa kuwa mpira wa kooni huzuia hewa kufika kwenye nyuzi za sauti, wagonjwa hao, wengi wao watoto, walikuwa macho lakini hawakuweza kusema, hivyo aliyeketi kando yao alilazimika kuisoma hofu yao machoni na midomoni.

Desemba 1953 Ibsen alianzisha katika Hospitali ya Manispaa mjini humo wodi inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya aina yake, na baadaye mashine za kupumulia zikashika kazi ya mikono. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi akawa anaamka na pengo la kumbukumbu lililojaa ndoto za kutisha, na ndiyo sababu wauguzi wa Skandinavia, kuanzia miaka ya 1980, walianza kumwandikia shajara, yaani daftari linalomsimulia kwa lugha nyepesi yaliyompata kila siku na nani alikuja kumjulia hali. Shajara hiyo, anayokabidhiwa mgonjwa apatapo nafuu, humrudishia siku ambazo mashine ilizipima bila kumsimulia.