Bweranyange: Mji Mkuu wa Karagwe na Hazina Zake

Bweranyange ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Leo ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, lakini katika karne ya 19 ndipo alipoketi Omukama, mfalme wa Wanyambo, na ndipo ilipopita misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda. Himaya yake ilienea hadi upande wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa hiyo historia ya Bweranyange ni historia ya watu wa Kibingo, Nkwenda na Murongo huko Kyerwa sawasawa na ilivyo ya watu wa Kayanga.

Utawala wa Karagwe ulikuwa mikononi mwa Wahinda, ukoo unaojihesabu kuwa uzao wa Ruhinda. Mapokeo yanasimulia kwamba Ruhinda alifika kutoka kaskazini na kuchukua utawala kwa Nono, mtawala wa ukoo wa Basita. Watoto na wajukuu zake wanatajwa kuwa waanzilishi wa falme nyingine za jirani, zikiwemo za Buhaya. Ufalme huo ulisimama juu ya nguzo mbili: ng'ombe na chuma. Ng'ombe walikuwa mali, chakula na kipimo cha heshima. Chuma kilitoa majembe na mikuki, na katika eneo la Kagera ufundi wa kukiyeyusha ulikuwa wa kale mno: mabaki ya tanuru yaliyofukuliwa Katuruka, Buhaya, yana umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Omukama mashuhuri kuliko wote ni Rumanyika wa Kwanza, aliyetawala kuanzia miaka ya 1850 hadi alipofariki mwaka 1878. Baba yake, Ndagara, alipokufa, ndugu waligombea kiti. Rumanyika mwenyewe aliwasimulia wageni wake jinsi mgogoro ulivyoamuliwa: ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wana wa mfalme, nayo kwa nguvu ya dawa ilikuwa nzito kiasi kwamba asiye na haki asingeweza kuiinua. Ndugu zake walishindwa. Yeye aliinyanyua kwa kidole chake kidogo. Hata hivyo nduguye Rogero hakukubali, na vita vikazuka. Rumanyika alishinda kwa msaada wa wafanyabiashara wa Tabora, akiwemo Musa Mzuri, tajiri mwenye asili ya Kihindi. Msaada huo uliufungua ufalme kwa biashara ya pwani. Kituo cha wafanyabiashara hao kilikuwa Kafuro, si mbali na makao ya mfalme. Shanga, nguo na nyaya za shaba ziliingia, pembe za ndovu zikatoka.

Mnamo Novemba 1861 waliwasili Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke aliliandika jina la makao hayo kama alivyolisikia: Weranhanje. Chini ya kilima cha makao hayo waliliona ziwa dogo, na kwa kuwa lilimkumbusha Grant ziwa Windermere la Uingereza, wakalipa jina la Windermere Ndogo. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki akitunzwa na mwenyeji wake hadi Aprili. Wote wawili waliandika kwa heshima juu ya upole wa Rumanyika na akili yake ya kudadisi.

Maandishi ya Speke yanaonyesha jinsi mji mkuu ulivyojidhihirisha mwezi ulipoandama. Siku hiyo wakuu wa ufalme walikusanyika uani. Ngoma 35 zilipangwa kwa mstari, kila moja na mpigaji wake nyuma. Rumanyika alitokea amevaa taji la shanga lenye kishungi cha manyoya juu ya paji la uso, na chini ya kidevu ndevu nyeupe za bandia zilizoshikwa kwa ukanda wa shanga. Ngoma zilipigwa kwa pamoja, kisha wakuu wakaja mmoja mmoja kula kiapo cha utii. Ibada hiyo ndiyo iliyoufanya mji kuwa mji mkuu. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi kama za raia, ila kubwa zaidi; tofauti ilikuwa katika kile kilichotendeka ndani ya ua na kilichohifadhiwa ndani ya nyumba.

Kuhusu vilivyohifadhiwa, shahidi bora ni mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876. Rumanyika alimpeleka kwenye nyumba ya hazina, banda la mviringo lililoezekwa vizuri kwa nyasi. Ndani yake Stanley alihesabu sanamu 16 za bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za wanyama aliodhani ni pofu, na sanamu 10 za ng'ombe wasio na vichwa. Palikuwa pia na mikuki yenye ncha mbili, visu vipana, migwisho yenye mipini ya chuma, na vikombe na vyombo vya maziwa vilivyochongwa kwa mti kwa ustadi mkubwa. Kwa maana kamili ya neno, hayo yalikuwa makumbusho: vitu teule, vimewekwa mahali pamoja, na mgeni anaonyeshwa ili aujue ukuu wa mwenye nyumba.

Speke aliona sanamu za ng'ombe wa chuma katika nyumba ya mfalme, akaandika kwamba zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha Rumanyika. Maelezo hayo hayatoshi. Katika falme nyingi za Maziwa Makuu nyundo na fuawe zilikuwa alama za enzi, na mfalme alihesabiwa kuwa mhunzi kwa mfano. Ng'ombe wa chuma aliunganisha nguzo mbili za Karagwe katika kitu kimoja.

Hazina nyingine iliyotembelewa haikutengenezwa na binadamu. Ni chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako Stanley alikwenda mwaka huohuo wa 1876. Aliwakuta wagonjwa waliotoka mbali wakioga na kulala pembeni mwa maji, wakitumaini kupona.

Baada ya Rumanyika kufariki, ufalme uliyumba kwa ugomvi wa urithi. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe kwa wingi, na nguzo moja ikaanguka. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamejenga kituo Bukoba, kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na uzito wa mamlaka na biashara ukahamia ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Utawala wa machifu ulifutwa baada ya Uhuru, mwaka 1963, na Rumanyika wa Pili akawa Omukama wa mwisho. Baadhi ya vifaa vya enzi vya Karagwe viko katika makumbusho ya Ulaya. Jina la Rumanyika limebaki katika hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na ile ya Ibanda-Kyerwa. Historia ya ufalme iliandikwa na Israel Katoke katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1975.

Mji wa nyasi hauachi magofu ya mawe kama Kilwa, lakini hilo si sababu ya kusahaulika. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yamo katika nyumba ya nyasi, nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001; nyumba hiyo ilipoungua mwaka 2010, Waganda waliijenga upya na kuiezeka. Nyasi huoza, na kila kizazi huezeka kwa zamu yake. Bweranyange, iliyokuwa na nyumba ya hazina kabla mkoloni hajafika, inastahili kuezekwa tena na watu wake.