Kliniki za Sheria Vyuoni: Mwanafunzi Anapomhudumia Mteja Halisi

Kliniki ya sheria ni kitengo cha chuo kikuu ambamo wanafunzi wa sheria, wakisimamiwa na wakili, hushughulikia mashauri ya watu wasio na uwezo wa kulipa ada ya uwakili. Mwanafunzi humsikiliza mteja, hukusanya vielelezo, huandaa nyaraka na, pale sheria inaporuhusu, humwakilisha mahakamani.

Utaratibu huu umeenea sana nchini Marekani, ambako ofisi ya wanafunzi ya Harvard Legal Aid Bureau ilianzishwa mwaka 1913. Mwaka 1969 Chama cha Mawakili cha nchi hiyo kilitoa kanuni za mfano zinazomtaka mwanafunzi awe amekamilisha mihula minne ya masomo, apate ridhaa ya mteja kwa maandishi na asipokee malipo kutoka kwake. Kila jimbo hujiwekea masharti yake.

Umuhimu wa kliniki hizo huonekana zaidi katika mashauri ya madai. Katika shauri la Gideon v. Wainwright la mwaka 1963, Mahakama ya Juu iliamua kuwa mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo apatiwe wakili. Uamuzi huo haumhusu mpangaji anayetakiwa kuhama nyumba. Bila msaada, mpangaji huyo huweza kumkabili wakili wa mwenye nyumba akiwa peke yake, hata kama notisi aliyopewa ina dosari.

Kwa upande wa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria. Hata hivyo, Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, hairuhusu mtu asiye wakili kufanya kazi za uwakili. Hivyo mchango wa mwanafunzi huwa katika ushauri, utafiti na uandaaji wa nyaraka. Utoaji wa huduma hiyo kwa ujumla unaongozwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mwananchi anayehitaji msaada anashauriwa kufika mapema akiwa na hati ya wito, mikataba na barua zote zinazohusu shauri lake. Muda wa kujibu madai au kukata rufaa ukipita, hata wakili mahiri hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, na maombi hayo yanaweza kukataliwa.