Daftari la Antera Duke: Mali Kauli, Rehani na Watu Wasioandikwa Majina

Mwaka jana nilikopa elfu tatu kwa apu moja ya mikopo. Nilikuwa nimeacha chuo muhula mmoja nyuma, karo imenilemea, na nilitaka kuongeza stoki ya viatu vya mitumba nilivyokuwa nauza kwa simu. Viatu vikakwama. Siku ya kulipa ikapita. Baada ya siku nne anti yangu wa Kakamega akanipigia, sauti iko chini: ametumiwa ujumbe ati mimi ni mwizi na yeye ndiye mdhamini wangu.

Anti hajawahi kunidhamini popote. Jina lake lilikuwa tu kwenye simu yangu, na mimi siku ya kukopa nilibonyeza "kubali" bila kusoma kitu.

Deni nililipa, mama akachangia nusu kutoka kwa pesa za kibanda chake cha mboga. Lakini swali lilikataa kutoka kichwani: mtu ambaye hajakopa hata shilingi anageukaje kuwa rehani ya deni langu? Nikaanza kusoma historia ya madeni. Ndio nikakutana na jamaa aliyefanya biashara zaidi ya miaka 200 iliyopita, upande ule mwingine wa Afrika, na akaacha maandishi ya kazi yake siku kwa siku. Aliitwa Antera Duke.

Kaa vizuri, hii stori si fupi.

Antera alikuwa Mwefik, mfanyabiashara mkubwa wa Old Calabar, kando ya Mto Cross, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Alikaa Duke Town, mmoja kati ya miji midogo iliyounda Old Calabar. Diary yake iliyotufikia inaanza Januari 1785 na kuishia Januari 1788. Miaka mitatu. Na hakuiandika kwa Kiefik, wala kwa Kiingereza cha shuleni. Aliiandika kwa Kiingereza cha bandarini, kile cha pijini, alichojifunza kwa kuongea na mabaharia na kuandikiana nao hesabu.

Hapa lazima nisimame kidogo. Wewe na mimi tumechapwa shuleni kwa kuongea Sheng. Tumeambiwa ni lugha ya makanga, haina mbele. Sasa angalia: ukitaka kujua mfanyabiashara wa Kiafrika wa karne ya 18 aliamka saa ngapi, alimtembelea nani, alinunua nini, alikunywa na nani jioni, mojawapo ya maandishi machache tuliyonayo yako kwa lugha ambayo mwalimu yeyote angeipiga kalamu nyekundu. Mtu aliandika alivyoongea, na ndiyo maana leo tunamsikia.

Kitabu chenyewe hakipo tena. Wamishenari wa Kiskoti walifika Calabar mwaka 1846, na baadaye diary ikapelekwa Scotland. Mwaka 1907 mmishenari mmoja, Arthur Wilkie, akanakili sehemu zake. Diary ya awali ikaangamia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tunachosoma leo ni zile sehemu alizonakili, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1956. Zile kurasa ambazo Wilkie aliziruka, hakuna atakayezisoma tena.

Sasa, kazi. Antera anaamka asubuhi na mapema, anaangalia hali ya hewa, anaiandika. Kuna ukungu, kuna mvua. Halafu anateremka ufukoni, au anaenda kwa mtumbwi hadi kwenye meli iliyotia nanga, anaongea na nahodha. Meli nyingi zilitoka Liverpool. Kabla nahodha hajafungua biashara, lazima alipe ada kwa wakubwa wa mji. Bila hiyo hapati kitu. Usidhani Wazungu walikuwa wanashuka tu na kuchukua. Pale mtoni wenye mji ndio waliokuwa wanapanga masharti.

Kutoka melini anapokea vitambaa, vingine vya India, vingine vya Uingereza. Anapokea vyuma, bunduki, baruti, shanga, chumvi, pombe kali. Na fito za shaba, ambazo ndizo zilikuwa pesa ya pale: bei ya kitu inahesabiwa kwa shaba, kama sisi tunavyohesabu kwa shilingi. Yeye anapeleka pembe za ndovu na viazi vikuu. Viazi vikuu vingi sana, kwa sababu meli yenye mamia ya watu inahitaji chakula cha wiki kadhaa baharini.

Mamia ya watu. Ndiyo, umesoma sawa. Pembe na viazi vilikuwa biashara ya pembeni. Bidhaa kubwa ya Antera Duke ilikuwa binadamu. Nahodha akijaza meli na kuondoka, Antera anaandika tu: fulani ameondoka, na idadi ya watumwa aliobeba. Kesho yake anarudi kwenye ukungu na mvua.

Mara ya kwanza kusoma nilisubiri mahali atakaposema kitu. Atasita, atajuta, atamtaja mmoja wao. Sikuona. Manahodha wana majina. Marafiki zake wana majina. Wale waliouzwa ni namba.

Lakini turudi kwa deni, kwa sababu deni ndilo lililokuwa injini ya mambo haya yote.

Wafanyabiashara wetu wa Kiswahili wana neno zuri: mali kauli. Unapewa bidhaa sasa kwa neno lako tu, utalipa ukishauza. Mama huchukua sukuma na nyanya sokoni hivyo hivyo alfajiri, jioni anapeleka pesa. Old Calabar nzima iliendeshwa kwa mali kauli. Matajiri wa Liverpool walijaza meli bidhaa. Nahodha akifika, anawagawia wafanyabiashara wa Efik kabla hajapata chochote. Wao wanapanda mitumbwi, wanaenda juu ya mto, kwenye masoko ya bara, na kurudi na watu. Inaweza kuchukua miezi. Meli inangoja, mabaharia wanaugua na kufa, nahodha anakuna kichwa: hawa jamaa wakinitoroka na vitambaa vyangu je?

Jibu lake lilikuwa rehani. Na rehani haikuwa dhahabu wala shamba. Ilikuwa watu. Mfanyabiashara alimpa nahodha watu wa kushikilia, mara nyingi wa ukoo wake mwenyewe, hata watoto wake, mpaka deni limalizwe. Akileta alichoahidi, anarudishiwa watu wake. Akichelewa sana, nahodha angeweza kung'oa nanga na kwenda nao. Wanauzwa ng'ambo kama wengine.

Si unaona kwa nini niliwaza kuhusu anti? Nataka nieleweke: ujumbe wa matusi kwa simu si sawa na kufungwa minyororo kwenye meli, na mtu akisema ni sawa anawakosea heshima waliokufa baharini. Ninachosema ni kwamba wazo la chini ni lilelile. Mkopeshaji hakuamini wewe, kwa hivyo anashika watu unaowapenda, akijua hapo ndipo utaumia.

Kuna barua moja ambayo haijaniacha nilale. Imeandikwa mwanzoni mwa 1773 na kiongozi wa Old Town, jirani na Duke Town. Wazungu walimwita Grandy King George. Anamwandikia mfanyabiashara wa Liverpool, Ambrose Lace. Barua ni oda ya bidhaa: anataka kioo cha kujitazama chenye urefu wa futi sita na upana wa futi sita, chenye fremu imara. Anataka meza na viti. Anataka bakora zilizotiwa dhahabu. Ni kama mtu anayejaza kikapu cha ununuzi mtandaoni saa sita usiku. Na ndani ya barua hiyohiyo analalamika kwamba wanawe wanne wameshachukuliwa na nahodha mmoja, na hataki mwingine abebwe tena.

Kioo cha futi sita na watoto wanne, kwenye karatasi moja. Yule mzee aliumia, sina shaka. Lakini watoto wa watu wengine, waliotoka juu ya mto, waliendelea kulipia viti na bakora.

Na nani alihakikisha madeni yanalipwa pale mjini? Chama cha Ekpe, chama cha siri cha chui. Ukiwa na cheo cha juu ndani yake, unakaa na wakubwa. Ukikataa kulipa, Ekpe inakutangaza, hakuna anayeruhusiwa kufanya biashara na wewe, mali yako inaweza kushikwa. Hata manahodha waliwekewa vikwazo hivyo. Fikiria CRB yenye ngoma na vinyago. Antera alikuwa mwanachama, na diary yake imejaa mikutano ya Ekpe, ada zilizogawanywa na karamu. Mkubwa wa mji, Duke Ephraim, alipofariki mwaka 1786, Antera anaandika bila kupepesa jicho jinsi watu walivyouawa katika mazishi ili wamfuate marehemu. Nao walikuwa watumwa.

Sasa najua kuna msee tayari anaandaa jibu: "Si unaona! Waafrika wenyewe waliuzana." Hiyo sentensi huja kila mara mtu akitaja utumwa, na kawaida huja ili mjadala ufungwe. Mimi nasema usifunge, endelea kusoma. Ndiyo, Antera Duke alikuwa Mwafrika, na alijua anachofanya. Lakini hakujiona kama "Mwafrika anayeuza Waafrika wenzake". Alijiona Mwefik wa Duke Town. Watu wa juu ya mto kwake walikuwa wageni, kama vile Mwingereza hakumwona Mfaransa kuwa ndugu. Na meli, bima, viwanda vya nguo na mashamba ya miwa yaliyokuwa yakimeza watu havikuwa Calabar. Faida kubwa ilienda Liverpool na ikabaki huko. Hiyo haimwoshi Antera. Inaongeza tu majina kwenye orodha ya washtakiwa.

Na usidhani huku kwetu mikono ilikuwa safi. Mwaka 1776, miaka tisa kabla Antera hajaandika ukurasa wa kwanza tulio nao, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 kwa kila mtu. Walihitajika kwenye visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion za leo. Huo pia ni mkataba wa biashara tu, wenye idadi na bei. Wale elfu moja hawana majina.

Hii ndiyo sababu hesabu za zamani zinanitisha kuliko picha za vita. Kwenye vita unaona damu. Kwenye daftari unaona mtu mpole, mchapakazi, anayeamka mapema, anayelipa madeni yake, anayekula vizuri na marafiki. Kama Antera angekuwa hai leo angeitwa kwenye makongamano kutufundisha sisi vijana nidhamu ya biashara. Na kila alichoandika kuhusu kuamka mapema kingekuwa kweli.

Mama yangu naye ana daftari. La kurasa 96, jalada la bluu, limelowa maji upande mmoja. Baada ya kusoma haya yote niliomba niliangalie. Ameandika: Mama Brayo, mia mbili. Yule kijana wa bodaboda, sabini. Mwalimu, mia na hamsini, amelipa. Mzee wa geti, thelathini, na pembeni yake ameandika kwa penseli "mgonjwa". Nikamuuliza hiyo penseli ni ya nini. Akasema, "Ni ya kunikumbusha nisimuulize."

Sijui kama mama ataendelea vizuri na biashara ya namna hiyo. Kuna jioni anarudi na hasara na tunakula ugali na chumvi, si utani. Lakini kwenye daftari lake hakuna mtu aliyegeuka kuwa kiasi. Anajua nani ni nani, na hajawahi kumpigia anti wa mtu yeyote.

Mimi bado nauza viatu. Siku hizi nikikopa, nakopa kwa mtu anayenijua uso, na nasoma karatasi mpaka mwisho hata kama nyuma yangu kuna foleni. Na niko na daftari langu pia sasa. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa, nimeandika jina la anti, na mia tano mbele yake: nauli ya kwenda kumwomba msamaha nikiwa nimesimama mbele yake. Nimeshaitumia. Alinipikia ingokho.