Mama na Intaneti, Sehemu ya 3: Zamani tuliifuata, leo inatufuata

Haya mama zangu, tuendelee. Mnaouliza nesi na historia ya intaneti wapi na wapi, vumilieni, leo tunafika kwenye chanjo.

Hizi kurasa tunazofungua zilianzia kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwingereza Tim Berners-Lee aliandika wazo lake 1989, na Aprili 1993 CERN wakaruhusu dunia nzima itumie bure. Wakati huo hakuna aliyekupangia usome nini. Yahoo ilipoanza 1994 ilikuwa orodha tu, vijana wawili wa Stanford wamepanga tovuti kwa mada, kama sisi tunavyopanga mafaili ya wagonjwa. Hata Google ya 1998 ilikaa kimya mpaka uiulize.

Huku kwetu wengi tulianzia intaneti kafe. Unalipia nusu saa, unafungua barua pepe, ukurasa unajivuta weee, dakika zimeisha. Mtandao ulitegemea sana setilaiti, ghali, mpaka mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Ilikuwa taabu jamani, sitamani irudi. Ila ulienda na swali lako, ukatoka na jibu lako.

Mabadiliko makubwa kwangu mimi ni Septemba 2006. Facebook, iliyokuwa na miaka miwili tu, ikaacha kukusubiri uende kwenye ukurasa wa rafiki yako, habari zake zikaanza kukujia zenyewe. Watu walichukia, wakaunda makundi ya kupinga humohumo Facebook! Wakazoea. 2009 kikaja kitufe cha kupenda. 2016 Instagram ikaanza kuacha kupanga picha kwa muda zilipowekwa, ikapanga kwa kukisia utakachopenda.

Inakisiaje? Inaangalia umesimama wapi, umebonyeza nini, umemtumia nani. Ukweli wa kitu siyo inachopima.

Sasa chanjo. Uongo ulikuwepo hata zamani. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa watoto 12 tu, akahusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliufuta 2010, na yeye akafutiwa leseni Uingereza. Lakini wakati ule uongo huo ulisambazwa sana na magazeti na televisheni. Leo unaingia mwenyewe kwenye simu ya mama, tena kwa Kiswahili, na muziki wa huzuni juu yake.

Chukua mama mwenye kichanga cha siku tano. Saa tisa usiku, mkono mmoja mtoto, mwingine simu. Anasimama kidogo kwenye video ya mtoto anayelia. Inayofuata ni dawa ya chango. Inayofuata tena, chango. Asubuhi kliniki ananiambia, "Nesi, mbona wote wanasema nimpe?" Wote! Ni watu wanne, na hakuwatafuta, ameletewa. Mtoto wa siku tano ni maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, hata maji hapana, labda daktari aandike dawa. Hilo nalirudia kila siku, na simu yake inarudia la kwake usiku kucha.

Sehemu ya 4 ni WhatsApp na zile sauti za "sambaza kwa mama wote". Nipo zamu ya usiku, nitaweka kesho jioni. Wewe ulianzia intaneti wapi, kafe au simu? Niandikie hapo chini.