Kazi za ndani Oman: kwa nini mkataba upite ubalozini

Dalali akikutaka utoke Arusha upitie Namanga, ukapande ndege Nairobi, muulize anakwepa nini. Utaratibu wa Tanzania unataka wakala mwenye leseni, na mkataba uhakikiwe na ubalozi wetu Muscat kabla ya safari. Ni usumbufu, kweli. Lakini Oman kuna kafala: kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, na ukiondoka bila ridhaa yake anaweza kukuripoti kuwa umetoroka. Ubalozi usio na mkataba wako utaanzia wapi kukutafuta?

Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 ilieleza jinsi Watanzania wengi walivyonyang'anywa pasipoti huko.

Tunaona orodha ya mawakala wenye leseni ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, Ngaramtoni hadi Usa River. Kwa sasa, waulize huduma ya ajira ya serikali.